Slaidi za Kiingereza darasa la tatu: nimezifundishia, maoni yangu haya hapa

Walimu wenzangu, kuna pakiti ya slaidi za Kiingereza za darasa la tatu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kaitengeneza mwalimu mwenzetu anaiuza elfu 15, na kila siku naona mtu anauliza kama inafaa. Mi nimenunua na nimefundishia. Inafaa, ila usiipeleke darasani kabla hujaipitia yote nyumbani.

Kilichonifurahisha kuliko vyote, jibu halitokei mpaka ukliki. Inakuja picha peke yake, mpira juu ya meza, watoto wanasema wenyewe, unakliki mpira unashuka chini ya meza wanasema tena, sentensi iliyoandikwa inakuja mwisho kabisa. Slaidi nyingi tunazodaunlodi bure zinaweka picha na sentensi kwa pamoja, mtoto anaisoma tu kwa sauti, mwalimu unaridhika kumbe hajatunga hata neno moja. Hapa darasa zima linabishana kabla jibu halijatoka, hadi wale ambao siku zote wako kimya utawasikia "under! under!" aisee raha sana.

Fonti katumia Andika, ile ya bure ya shirika la lugha la SIL iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma, herufi a na g zimekaa kama watoto wanavyoziandika kwenye daftari, na I kubwa huwezi kuichanganya na l ndogo. Maandishi makubwa, maneno machache, hamna mambo ya njano juu ya nyeupe ambayo dirisha likiwa wazi projekta haionyeshi kitu, yaani unaona kabisa kuna mtu alienda kukaa dawati la nyuma akaangalia. Ila ukifungulia kwenye kompyuta isiyo na hiyo fonti mistari inahama na maneno yanapanda juu ya picha, kwa hiyo iingize kwanza. Na usiigeuze PDF, animesheni zote zinapotea na ule mtindo wa kukliki ndo umekufa.

Sehemu ya "in front of" na "behind" sijaikubali. Ukutani kila kitu ni bapa, mbuzi wa nyuma ya mti kachorwa kajificha nusu, mwingine anasema yuko ndani, mwingine anasema yuko pembeni, na kwa macho yao wako sawa! Nikazima projekta nikawauliza kwa begi na kiti, "in", "on" na "under" wakajibu vizuri tu, hizo mbili wengi walikuwa wanabahatisha. Sasa nasimamisha watoto watatu kwenye mstari wote wameangalia mlangoni, nauliza nani yuko mbele ya nani, wanashika hapo hapo. Mtengenezaji kama unasoma hapa, naomba toleo lijalo upime kwa vitu halisi. Jaribio lako la mwisho wa mada linatumia picha zile zile ulizofundishia, mtoto aliyekariri picha anapata zote na wewe unadhani kaelewa.

Kwenye vyakula kuna "strawberry" na "pear", watoto wangu wengi hawajawahi kuziona sokoni, nimeweka embe na papai. Ukibofya kitufe cha kulia ukachagua kubadilisha picha, animesheni inabaki vile vile, huna haja ya kuanza upya. Sauti nazo zimewekwa kwa linki, ukikopi faili la slaidi peke yake kwenye fleshi ukifika shule kimya, kopi folda nzima. Msomaji wa hizo sauti anaenda kasi mno, mi nazima nasoma mwenyewe.

Kwa sababu mtaala ulioanza 2024 umeshusha Kiingereza hadi darasa la kwanza, watoto watakaofika la tatu miaka hii watakuwa wameshapita baadhi ya haya maneno, kwa hiyo linganisha na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vilivyopo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni kabla hujatoa hela. Kwangu elfu 15 imerudi kwa mada ya mahali na ya rangi tu. Wenye darasa la tano kwenda juu msinunue, maneno ni machache mno kwenu. Na shule isiyo na projekta ila ina tivi, zinaonekana vizuri tu, wasogeze watoto karibu.