Droni ya harusi kwenye maji ya Majanji: uzoefu wangu wa miezi 14

Droni hii niliinunua kwa ajili ya harusi. Mimi ni mpiga picha Busia, upande wa Uganda, na siku hizi msafara wa bibi harusi usipoonekana kutoka juu, familia inaona video haijakamilika. Niliipata Kampala ikiwa imetumika kidogo, shilingi milioni 2 na laki 3 pamoja na betri tatu. Ni ile ndogo ya gramu 249, inayokunjwa ikaingia mfuko wa koti. Kwa harusi sina malalamiko yoyote. Ninachotaka kueleza ni kazi nyingine iliyonifanyia kwa miezi 14 iliyopita kwenye mwalo wa Majanji (mahali pa kuegesha mitumbwi ya uvuvi kando ya Ziwa Victoria), kwa sababu wenzangu wenye droni za aina hii hawaachi kuniuliza kama kweli inaweza kumwona mtu majini.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, vijana wawili wa mukene hawakurudi. Wavuvi wa mukene (ndugu zetu wa Tanzania wanaita dagaa) hutoka jioni na taa zao, huvua usiku kucha, na kufikia saa 1 asubuhi wanakuwa wameshaanza kuanika. Usiku ule dhoruba ilipiga saa 10 hivi za alfajiri. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anaijua tabia hiyo: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo unashuka ziwani kutoka kila upande, unakutana huko ndani, hewa inapanda na mawingu ya radi yanajengeka. Kwa hiyo dhoruba kali hupiga usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile watu wa mukene wakiwa kazini.

Saa 2 na nusu mwenyekiti wa mwalo akanipigia simu, maana alikuwa amewahi kuniona nikirusha. Nilipofika, boti ya injini ya farasi 15 ilikuwa imeshajazwa mafuta. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi akaitazama droni mkononi mwangu, akasema, "Mwanangu, kidudu hiki kitauweza upepo wa ziwa?" Nikamjibu, "Mzee, tutajaribu."

Kabla ya kuondoka niliuliza maswali matatu, na hadi leo ndiyo ninayoanza nayo: walionekana wapi mara ya mwisho, saa ngapi, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Asubuhi upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo chombo kisicho na injini kinasukumwa kuelekea nje. Tukaenda mahali walipotega, kisha tukafuata upepo.

Betri ya kwanza iliishia kwenye maji na magugumaji tu. Magugumaji yanachosha macho kuliko kitu chochote: kila kisiwa cha majani kinafanana na mtumbwi uliopinduka. Betri ya pili, dakika kama ya nane, pembeni kabisa ya skrini nikaona nukta ya njano. Nikashusha droni kutoka mita 60 hadi 25. Ilikuwa dumu la lita 20, lile la njano la kila nyumba, limefungwa kwa kamba ya wavu kwenye mkono wa kijana. Mwenzake alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkuku (mti wa chini unaopita katikati) wa mtumbwi uliopinduka. Yule wa dumu akainua mkono. Mkono ule ulikuwa mdogo kwenye skrini kuliko punje ya mtama, lakini wote watatu ndani ya boti tuliuona, na nahodha akawasha injini kabla sijasema neno.

Tulikuwa mita 700 kutoka kwao. Ukiwa umeketi botini, macho yako hayafiki hata mita moja na nusu juu ya maji, na wimbi dogo tu linakuficha mtu. Tungeweza kupita tusiwaone. Niliiacha droni ining'inie juu yao na kumwelekeza nahodha kwa mshale wa kwenye skrini hadi alipowaona mwenyewe. Niliidaka kwa mkono ikiwa na asilimia 11 ya betri. Vijana wote wawili wako hai, na mmoja ndiye anayenibebea mkoba wa betri siku hizi.

Sasa kwa upande wa chombo chenyewe. Karatasi inasema betri moja ni dakika 31. Juu ya ziwa, upepo ukiwepo, hesabu dakika 20, na kati ya hizo 5 ni za kwenda na kurudi. Nikiwa mita 40 juu, kamera ikitazama chini wima, naona upana wa mita 60 hivi. Nikienda mita 5 kwa sekunde, mistari ikipishana kidogo, betri nzima inamaliza chini ya robo ya kilomita ya mraba. Ziwa hili lina karibu kilomita za mraba 68,800. Kwa hiyo droni bila mvuvi anayejua maji yanakopeleka vitu haina faida. Nalisema kwa sababu nimeona vijana wakirusha juu sana na kwa kasi, wanatazama dakika kumi, kisha wanatangaza kwamba hakuna mtu. Kasi hiyo haimwoni mtu. Tembea taratibu, jua likiwa mgongoni mwako, na weka kile kioo cheusi cha kupunguza mng'ao mbele ya lenzi. Kwangu kioo hicho kimesaidia kuliko ubora wa kamera.

Kurusha kutoka kwenye boti kuna hatari yake, na aliyeniuzia hakunieleza. Droni hukumbuka mahali ilipoanzia, na betri ikipungua inarudi pale pale, wakati boti imeshaondoka. Nilikaribia kuipoteza hivyo siku moja. Ingia kwenye mipangilio uiambie irudi kwenye rimoti, na ufanye hivyo upya kila mnaposogea. Usiishushe karibu na maji pia, maana vihisi vya chini huchanganywa na mawimbi na mng'ao. Wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, subiri wapite. Mvua ikianza, irudishe, haina kinga ya maji.

Usiku sirushi. Kamera yangu haioni joto la mwili, na gizani ni kipofu kabisa. Hilo linaniuma, kwa sababu ajali nyingi ni za giza. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya MV Templar ilipozama karibu na ufuo wa Mutima, Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa, ilikuwa jioni na giza lilikuwa linaingia. Droni kama yangu isingesaidia kitu. Wala haibebi kitu. Mwezi wa kwanza mwaka huo huo, huko Lennox Head, Australia, droni kubwa ya waokoaji iliwadondoshea vijana wawili boya lililojaa hewa ndani ya sekunde 70 hivi. Yangu haiwezi kunyanyua jaketi moja la kuokolea maisha.

Na kuna siku ambayo haikufaa kitu. Jumapili moja mvulana aliogelea na wenzake, hakutoka. Nilimaliza betri zote tatu juu ya maji ya kijani yasiyoonyesha hata futi mbili chini. Mwili huzama kwanza, na unapanda baada ya siku kadhaa, na wavuvi ndio waliompata. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote akitazama skrini. Kila jani, kila kivuli, alishika bega langu. Tangu siku hiyo rimoti naishikia ndani ya boti, au naomba mtu mzima akae na familia mbali nami, na nasema mapema: droni huona kilicho juu ya maji, basi.

Kuhusu vibali, tafadhali msifanye mchezo. Droni Uganda inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, pamoja na kibali cha upande wa usalama, hata iwe ndogo. Majanji mpaka na Kenya uko majini hapo hapo, na askari wa ziwani hawajui kama unatafuta mtu au unapiga picha za mpaka. Mimi kwanza napiga 999, nampigia mwenyekiti, naye anawajulisha walinzi, ndipo narusha. Dakika tano hizo zinauma lakini sijawahi kuziruka.

Ukiniuliza kama ununue, jibu langu ni ndiyo, ikiwa una betri tatu au zaidi, kibali, na boti iliyo tayari. Lakini kama mwalo wenu una milioni mbili tu na hauna jaketi, nunueni jaketi, na ziwe za rangi ya machungwa. Nimejaribu rangi zote, wenzangu wakizivaa na kuelea wakiwa salama karibu na ufuo. Bluu na nyeusi hupotea kabisa. Ya machungwa iliyopauka kwa jua nayo hupotea, na nyingi za mwaloni kwetu zimeshapauka.

Jambo la mwisho lilitoka kwa yule kijana wa dumu. Aliniuliza kwa nini niliona dumu kabla ya mtumbwi. Nikamwambia mtumbwi uliopinduka unaonyesha tumbo, na tumbo la mitumbwi yetu ni jeusi kwa lami. Wiki ile ile akanunua kopo la rangi ya njano na kupaka mkuku wa mtumbwi mpya kutoka mbele hadi nyuma. Tuliupindua kwenye maji ya magotini, nikarusha droni hadi mita 100. Ulionekana hata kabla sijashusha kamera. Yule mzee fundi alitazama skrini, akaomba kopo lililobaki.