Kipimajoto cha dhiki ya kimaadili: kinawafaa wanafunzi wa uuguzi walio wodini Mwanza?

Kama njia ya kuanzisha mazungumzo na mwanafunzi wa uuguzi, karatasi hii ya kipimajoto tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kama njia ya kumpima, kuandika namba na kufunga faili, tunaipa 1.

Ni mchoro wa themometa wenye alama 0 hadi 10, na maneno yanayopanda nao kutoka "hakuna kabisa" hadi kiwango kibaya kuliko vyote. Uliandaliwa na Lucia Wocial na Michael Weaver wa Marekani, ukachapishwa mwaka 2013. Gharama yake ni kutoa kopi tu. Ila ulikusudiwa wauguzi walioajiriwa, na hapo ndipo mwanafunzi anaachwa nje.

Kinachopimwa, yaani dhiki ya kimaadili, si uchovu. Mwanafalsafa Andrew Jameton alilieleza jambo hili mwaka 1984: unajua lililo sahihi, lakini kuna kinachokuzuia kulitenda. Chukua bibi aliyeletwa Mwanza kutoka kijijini, anayesikia Kisukuma tu. Anaelezwa upasuaji harakaharaka kwa Kiswahili, anaitikia kwa kichwa, dole gumba linachovywa kwenye wino. Mwanafunzi Msukuma aliyesimama pembeni anajua kabisa kwamba bibi hakuelewa. Anajua pia kwamba anayetoa maelezo ndiye atakayemtilia saini kitabu chake cha mazoezi. Ananyamaza. Muuguzi mwenye ajira angeweza walau kusema "ngojeni nimfafanulie". Mwanafunzi anaona mwaka mzima wa masomo ukining'inia kwenye sentensi hiyo moja.

Kwa Kiswahili, kazi ngumu ni swali lenyewe. Ukiuliza "dhamiri inakusuta kiasi gani?", mwanafunzi atahisi ameshtakiwa, maana husutwa aliyekosa. Ukiandika "msongo", utajaziwa karo, kodi ya chumba na usingizi wa zamu ya usiku. Tunapendekeza hivi: "Wiki hii umeumia moyoni kiasi gani kwa sababu ulijua la kumfanyia mgonjwa ukazuiwa kulifanya?" Ni refu, lakini halipotoshi.

Kaeni chuoni, si wodini, wanafunzi 6 hadi 8, mwisho wa wiki, kwa nusu saa hivi. Kila mmoja azungushie namba yake kimya kabla mtu hajafungua mdomo, kwa sababu msemaji wa kwanza huwavuta wengine. Nyuma ya karatasi aandike kilichotokea, bila jina la mgonjwa wala namba ya kitanda, kisha kilichomzuia: agizo la mkubwa, upungufu wa vifaa, kutojua utaratibu, au hofu ya alama. Upande huu wa nyuma tunauthamini kuliko themometa yenyewe, kwani kila kizuizi kina dawa yake. Mgonjwa anayeoshwa bila pazia kwa sababu pazia halipo ni suala la kupeleka kwa uongozi wa hospitali. Kutojua utaratibu kunarudi darasani. Hofu inahitaji maneno yaliyofanyiwa mazoezi kwa sauti, wawili wawili: "Sista, naomba nimweleze bibi kwa Kisukuma kabla hajaweka dole." Ni ombi lenye adabu, halimuumbui mtu mbele ya mgonjwa, na mgonjwa anapata haki yake.

Kinachoharibika mara nyingi ni usiri. Mkufunzi anayetoa alama akikusanya karatasi mwenyewe, atapata sifuri tupu. Wodi yenye mwanafunzi mmoja tu haina siri hata jina lisipoandikwa, kwa hiyo changanyeni karatasi za wodi kadhaa. Wastani nao hudanganya: saba wakiandika 2 na mmoja 9, wastani hauifikii hata 3, na yule wa 9 amepotea.

Namba inayoshuka isiwafurahishe haraka. Elizabeth Epstein na Ann Hamric waliandika mwaka 2009 kwamba kila tukio huacha mabaki ya maumivu moyoni, na dhiki ya tukio linalofuata huanzia juu zaidi. Wapo wanaojikinga kwa kufa ganzi. Mwanafunzi aliyeanza na 8 akafika 3 huenda amejifunza kusema, au amezoea kuona mjamzito akifokewa leba. Someni alichoandika nyuma: kama sasa anamtaja mgonjwa kama "kesi" tu, mtafuteni.

Aliyefika 9 au 10 aitwe faragha siku hiyohiyo na mtu asiyemsahihishia mtihani. Kwa hiyo pembeni ya karatasi kuwe na alama ya siri aliyoichagua mwenyewe, inayojulikana na mtu huyo peke yake. Na pale mwanafunzi anapoagizwa kujaza shinikizo la damu ambalo halikupimwa, asisubiri kikao cha wiki. Aliache pengo kwenye chati, apime mwenyewe, aandike namba ya kweli na saa aliyopimia, kisha amjulishe msimamizi wa wodi kabla zamu haijakabidhiwa.