Jiko la gesi la kilo 6: mtungi hurudi kiwandani, kichomeo hubaki kwako

Hukumu kwanza. Mtungi tunaupa alama za juu. Kichomeo kinachofungwa juu yake tunakipa nusu. Ile pete ndogo ya mpira iliyo katikati yao, ambayo bei yake haifiki hata ya kibiriti cha gesi, ndiyo inayostahili macho ya mnunuzi kuliko vyote viwili.

Tunauzungumzia ule mtungi ambao Wakenya huuita meko na Watanzania wengi huuita tu mtungi mdogo: kilo 6 za gesi, kichomeo kimoja kinachokazwa moja kwa moja kwenye mdomo wa mtungi, na kiti cha chuma cha kuwekea sufuria. Kwa nyumba nyingi ndiyo gesi ya kwanza kuingia jikoni. Tanzania imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi, na REA, wakala wa serikali wa nishati vijijini, imekuwa ikiisambaza mitungi hii vijijini kwa bei ya ruzuku. Kwa hiyo inafika kwa watu ambao hawajawahi kuwasha gesi, na mara nyingi anayeileta ni bodaboda ambaye ameshageuza pikipiki kabla hujauliza swali.

Nguvu ya mtungi ni kwamba haukai kwako. Ukiisha unaubadilisha, ule wa zamani unarudi kiwanda cha kujazia, unaangaliwa kutu na mikwaruzo, valvu inapimwa, muda wake wa kukaguliwa upya ukifika unatolewa kwenye mzunguko. Ni bidhaa chache za nyumbani zinazorudi kwa mwenye kampuni kila baada ya wiki chache bila mtu kutangaza redioni kwamba zirudishwe. Ukinunua pasi ya umeme yenye kasoro, hakuna atakayekujua ulipo. Mtungi wenye kasoro unajirudisha wenyewe, maadamu umejazwa na kampuni iliyoandikwa ubavuni.

Hapo ndipo biashara ya vichochoroni inapoharibu kila kitu. Anayemimina gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo hana kifaa cha kupima valvu, na ubaya zaidi hajui amejaza kiasi gani. Mtungi haujazwi hadi mdomoni. Gesi ya kimiminika huachiwa takriban sehemu moja ya tano ya mtungi ikiwa tupu, kwa sababu hutanuka joto linapopanda. Ukiujaza ukajaa, kisha ukauweka kwenye kibanda cha mabati saa saba mchana, kimiminika hakina pa kwenda. Usiku wa Februari 1, 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia lisilo na kibali. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kituo pale yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023 kwa kuwa makazi ya watu yalikuwa karibu mno. Gesi ya vichochoroni hutokea mahali kama pale, na bei yake nafuu inatokana na yale yasiyofanywa.

Kuutambua mtungi halali dukani kunachukua dakika mbili. Sili ya plastiki juu ya valvu iwe na jina la kampuni ileile iliyoandikwa kwenye mtungi, na isiwe imepashwa moto ikarudishiwa. Kisha mizani. Kwenye kola ya chuma au ubavuni pamegongwa au kuandikwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Kama imeandikwa 7.2, mtungi mpya usome 13.2, bila kichomeo wala kiti chake. Tanzania, EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inawataka wauzaji wawe na mizani, kwa hiyo usione haya kuidai. Muuzaji anayeutikisa mtungi sikioni mwako na kusema "sikia, umejaa" hajakupimia kitu.

Sasa kichomeo. Hiki hakirudi kiwandani. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho miaka mitano baadaye, kimeshamwagikiwa uji, kimeanguka sakafuni, kitasa cha kufungulia na kufungia gesi kimelegea, na katika muda wote huo mtungi umebadilishwa mara hamsini kwa mitungi iliyokaguliwa. Upande mmoja unafanywa upya kila mara, upande wa pili unazeeka.

Kasoro ya kwanza ni ya ubunifu wenyewe. Jiko la mezani la plate mbili lina regulata, ambayo hushusha shinikizo la gesi kutoka bar kadhaa hadi milibari 30 hivi. Kichomeo cha mtungi mdogo hakina. Shinikizo lote la mtungi linafika kwenye kitasa, na kinacholizuia ni sindano nyembamba ya chuma ndani yake pamoja na kitundu cha kutolea gesi. Kitasa kikianza kuzunguka kirahisi kuliko zamani, au mwali usiposhuka hata ukikifunga karibu kabisa, sindano imelika. Kichomeo hicho hakitengenezwi. Kinunuliwe kingine.

Kasoro ya pili: vichomeo vingi vya aina hii havina kifaa cha kukata gesi mwali unapozimika. Uji ukifura ukaumwagikia moto, moto unazimika na gesi inaendelea. Hesabu yake ni hii. Kwenye mwali mkubwa kichomeo hutumia takriban gramu 150 kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kinahitaji kama kilo moja tu ya gesi kusambaa ndani yake ili hewa yote iwe tayari kuwaka, maana gesi hii hushika moto ikifika karibu asilimia 2 ya hewa. Ni kama saa saba, usiku mmoja wa kusahau. Lakini hesabu hiyo inadhani gesi imesambaa sawasawa, na haisambai hivyo. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo inatulia sakafuni na kujaa kutoka chini kama maji. Pale chini, penye jiko la mkaa au waya wa friji, hatari inafika mapema sana. Ndiyo maana maharage hayaachwi motoni huku wewe ukienda dukani. Yalowekwe usiku kucha, utaokoa na gesi.

Kasoro ya tatu ni ile pete. Mafundi huiita oringi: mpira mweusi unaokaa kwenye mdomo wa valvu au kwenye mkia wa kichomeo, kutegemea aina. Kila unapobadilisha mtungi inabanwa na kusuguliwa upya. Inapasuka, inakauka, wakati mwingine inabaki kwenye mtungi ulioondoka na mwenye nyumba hana habari. Jambo ambalo watumiaji wengi hawajaambiwa ni kwamba kitasa kiko juu ya pete. Ukifunga kitasa umezuia gesi isifike kwenye mwali, lakini pete bado imebeba shinikizo lote. Kwa hiyo ukisikia harufu, ukafunga kitasa, na harufu ikaendelea, usiendelee kukikaza. Kwenye mitungi ambayo valvu yake hujifunga kwa springi, fungua kichomeo chote; springi itaziba. Kwenye mitungi yenye gurudumu lake la kufungia, funga hilo.

Kukifunga kichomeo kwenye mtungi mpya kunahitaji kibiriti kiwe mbali, na mlango uwe wazi. Futa mdomo wa valvu kwa kitambaa kikavu, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kuishikilia valvu isijifunge siku utakapotoa kichomeo. Angalia pete kwa macho, ibonyeze kwa ukucha; ikiwa ngumu kama plastiki au ina mpasuko, badilisha. Anza kukizungusha kwa vidole, kiingie wima bila kusukumwa. Kikianza upande, toa uanze tena, la sivyo unakata nyuzi za valvu na pete kwa pamoja. Kaza kwa mkono tu. Spana hukata mpira. Kisha changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji na nusu kikombe cha maji, paka kwa brashi au kidole kwenye maungio na kuzunguka shina la kitasa, kitasa kikiwa kimefungwa, na usubiri kama dakika moja. Povu linalokua ni uvujaji. Pua haitoshi kwa kipimo hiki: harufu ile ni dawa iliyoongezwa makusudi kwa sababu gesi yenyewe karibu haina harufu, na pua huizoea baada ya dakika chache. Wanaopima kwa njiti ya kibiriti wasiwekwe jikoni.

Mtungi unapokaribia kuisha harufu huzidi kidogo wakati wa kuwasha. Dawa ile haivukizwi upesi kama gesi, hivyo hujikusanya kwenye mabaki ya mwisho. Pima kwa sabuni hata hivyo.

Rangi ya mwali inasema mengi. Buluu ni sawa. Njano inayoacha masizi chini ya sufuria maana yake hewa haiingii vya kutosha: vitundu vya hewa kwenye shingo ya kichomeo vimeziba kwa mafuta, au buibui ameweka utando ndani ya bomba. Kipoze, kiondoe, kisugue kwa mswaki mkavu, na toboa vitundu vya juu kwa pini. Kile kitundu cha kutolea gesi usikitie pini kamwe. Ukikipanua kidogo tu umeongeza gesi inayopita. Mwali wa njano hautii sufuria masizi tu, unatoa pia hewa ya sumu, ileile ya jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi, ambayo haina harufu wala rangi na huua watu wakiwa usingizini. Gesi ikiwaka vizuri kwenye chumba chenye dirisha wazi iko salama kwa mbali kuliko mkaa, na hapo hatuna ubishi.

Kuhusu kusimama: mtungi mdogo mpya umetulia. Unavyokwisha unapungua kilo 6 za chini, ilhali sufuria ya ugali juu ni ileile. Kwa hiyo siku za mwisho za mtungi ndizo za kupinduka, na anayesonga ugali aushike kwa guu la kiti au auweke kwenye kona. Upana wa sufuria una habari yake pia. Sufuria pana kuliko mtungi wenyewe, zile za pilau ya wageni, hurudisha joto chini na kulichemsha shingo la valvu, palipo pete. Wanaouzungushia bati kuzuia upepo wanafanya kosa hilohilo. Ukigusa kola ya mtungi ukashindwa kuacha mkono pale, zima.

Mazoea mawili tunayakataa bila mjadala. La kwanza ni kuulaza mtungi ili "kumalizia". Ukisimama, kinachotoka ni mvuke. Ukilala, kinatoka kimiminika, na lita moja yake huwa takriban lita 250 za mvuke. Mwali unaruka hadi dari. La pili ni kuusimamisha kwenye beseni la maji ya moto. Ni kweli kwamba mwali hudhoofika asubuhi za baridi, kwa sababu gesi inapovukizwa inaupoza mtungi na shinikizo linashuka, lakini dawa yake ni kuubadilisha. Mtungi ulioletwa ukiwa umelazwa kwenye pikipiki usimamishwe utulie kabla ya kukata sili.

Gesi ikijaa chumbani, usiwashe wala kuzima taa, usichomeke wala kuchomoa kitu, simu itumike nje. Fungua mlango kabla ya dirisha, kwa sababu gesi iko chini na dirisha liko juu. Toa kichomeo, rudisha kifuniko cha plastiki, peleka mtungi uwanjani mbali na mfereji, maana gesi hutiririka humo pia. Moto ukishika mdomoni mwa valvu, kitambaa kilicholowa mkononi na ufunge. Usipofungika, usiuzime: gesi inayotoka bila kuwaka ni mbaya kuliko inayowaka. Toa watu, piga 114 Tanzania au 999 Kenya.

Unaponunua kichomeo kipya, tafuta alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya. Kenya unaweza kutuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023 kuhakiki kama alama ni ya kweli. Tunza risiti na uandike nyuma yake namba ya toleo kama imegongwa kwenye chuma. Vichomeo vinavyouzwa vikiwa vimemwagwa kwenye turubai havina hata kimoja kati ya hivyo, na siku toleo lao likigundulika bovu hakuna orodha ya wateja wa kupigiwa simu. Nunua oringi tatu za ziada papo hapo, uzifunge kwenye kitambaa mbali na jua.

Kwa mtu mmoja au wawili, kilo 6 ni saa 35 hadi 40 za mwali mkubwa, na hilo linatosha. Familia ya watu sita, au mama lishe anayepika kutwa, aende kwenye mtungi wa kilo 15, au 13 kwa Kenya, wenye regulata na mpira wa kupitishia gesi, mtungi ukikaa nje ya ukuta.