Seti ya mvinyo ya lita 5: galoni zuri, kizibo kibovu

Seti hii inauzwa mjini Mwanza bila jina la kiwanda. Ndani kuna galoni la kioo la lita 5, kizibo cha mpira chenye tundu, kibomba cha kutolea gesi chenye umbo la S, haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye juisi), mpira wa kuhamishia na pakiti ya hamira ya mvinyo. Kwa mvinyo kidogo wa zambarau wa nyumbani, inafaa kununuliwa. Ila kizibo chake kisiporekebishwa, utavuna siki.

Tundu lake ni pana kuliko kibomba. Gesi inapita pembeni, maji ya kwenye kibomba hayachezi, na mtu anadhani hamira imekufa, anaongeza nyingine. Povu likishatulia, hewa huingia kwa upenyo uleule, na bakteria wa siki wanaitaka hewa hiyo. Pima mapema: jaza kibomba maji hadi nusu, funga, kandamiza kizibo kwa dole gumba. Maji yakipanda upande mmoja yakabaki hapo, pameziba. Yakirudi papo hapo, panavuja. Zungushia shina la kibomba tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko minne au mitano, upime tena.

Karatasi ya maelekezo inasema matunda yaingie moja kwa moja kwenye galoni. Hapana. Maganda hupanda na povu, huziba kibomba, kizibo kikafyatuka, na doa la zambarau ukutani halitoki. Anzia kwenye ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko. Ponda zambarau kilo 2.5 kwa mkono bila kuvunja kokwa, maana kokwa zina uchungu, na ukakasi wa maganda unatosha. Chemsha maji lita 3.5, yeyusha sukari kilo 1, acha yapoe kabisa, mimina. Haidromita isome kati ya 1.085 na 1.090. Sufuria ya alumini isikae na juisi hii. Tindikali yake hula alumini.

Hamira ijaribiwe kwanza, kwa sababu pakiti iliyokaa duka la bati huenda imeungua. Iweke kwenye maji ya vuguvugu yenye kijiko cha sukari. Dakika 15 bila povu, itupe. Ikitoa povu, imimine kwenye ndoo. Ya mkate inaweza kuokoa kazi, lakini huacha harufu ya mkate na mashapo yake hutibuka ovyo.

Zamisha maganda mara mbili kwa siku, siku 5 hadi 7, kisha chuja kwa kitambaa na uhamishie kwenye galoni, ujaze hadi karibu na shingo. Joto la Mwanza ndilo adui wa hatua hii: ikizidi nyuzi 30 mvinyo hutoa harufu kali ya rangi ya kucha. Weka galoni sakafuni ndani ya beseni la maji, ulivike taulo bichi. Angalia kibomba kila baada ya siku chache, maji yake hukauka.

Haidromita yenyewe ni sahihi, ila haina mrija wa kupimia, na hilo ni pungufu kubwa. Tafuta chombo chembamba kirefu, izungushe kidogo ili vipovu viachie, ndipo usome. Usijaze chupa mpaka isome chini ya 1.000 na namba isibadilike siku tatu mfululizo. Sukari iliyobaki hupasua chupa ya kioo.