Kumtafuta daktari wa kunipasua shingo: uzoefu wangu

Nimezunguka kwa mabingwa kadhaa na hatimaye nimempata ninayemwamini. Naandika kwa aliyeambiwa kwamba pingili zake za shingo zimechakaa sehemu zaidi ya moja na sasa hajui ampe nani shingo yake.

Hali yangu ni hii: kuanzia pingili ya nne ya shingo (C4) hadi ya saba (C7) diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zimesinyaa, miiba ya mfupa imeota, na kinachobanwa ni ugwe mgongo wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, wala si mishipa ya pembeni peke yake. Mshipa wa pembeni ukibanwa, maumivu hushuka mkononi, na wengi hupata nafuu kwa dawa na mazoezi bila kisu. Ugwe ukibanwa, unaweza usiumwe sana. Mimi shingo ilikuwa inakaza tu. Kilichonistua ni vifungo vya shati kunishinda, mwandiko kuharibika, na miguu kuyumba gizani.

Daktari wa kwanza alifungua picha za MRI kwenye kompyuta, akazitazama kidogo, akasema tunapasua kwa mbele, tunaunganisha pingili, tarehe hii hapa. Hakunigusa hata kidole. Nilipomuuliza ameshafanya ngapi za aina yangu alijibu "nyingi", akaangalia saa. Huenda mkono wake ni mzuri, lakini sikurudi.

Mwingine alikuwa mpole mno, na kila swali lilimrudisha kwenye diski ya bandia. Faida yake ni kweli: shingo inabaki ikigeuka pale ilipopasuliwa. Ila kwa kawaida huwekwa sehemu moja au mbili, kwa mtu ambaye viungo vidogo vya nyuma ya pingili bado ni vizima. Vyangu vimelika, na ripoti yake mwenyewe ilisema hivyo! Nilipomwonyesha mstari ule akasema, "Tutaona tukishafungua." Ahsante, daktari.

Niliyemchagua hakuanza na picha. Alinitoa koridoni nitembee nikigusisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine, nikapepesuka. Akanikalisha, akanishika kidole cha kati, akakidonoa ncha ya ukucha kwa ghafla, na macho yake yakiwa kwenye dole gumba langu. Likajikunja lenyewe, dalili ya ugwe kubanwa. Kisha akanitaka nifumbe na kufumbua ngumi haraka kwa sekunde 10 huku akihesabu. Mtu mzima wa afya hufikisha 20 au zaidi, mimi sikukaribia. Ndipo akageukia MRI, akaomba na eksirei za shingo ikiwa imeinama na ikiwa imeinuliwa, kwani MRI hupigwa umelala, na pingili inayoteleza ukijongea inaweza isionekane. Picha ya CT, inayoonyesha mifupa vizuri, nayo aliitaka ili aone kama ligamenti, ule utepe unaofunga pingili kwa nyuma, imegeuka mfupa.

Maelezo yake ndiyo yaliyonimaliza. Kupita mbele kunaondoa kinachobana pale pale kilipo, lakini koo linapata tabu: kumeza kunakuwa kugumu, sauti inaweza kukwaruza kwa muda. Kupita nyuma kunaupanua mfereji unaopitisha ugwe sehemu nyingi kwa mara moja, njia iliyokuzwa sana Japani miaka ya 1970, ila shingo iliyopinda kuelekea mbele hainufaiki, maana ugwe unabaki umelalia mifupa. Alinitajia pia kwamba bega linaweza kulegea baada ya upasuaji, mara nyingi likarudi taratibu. Halafu akasema jambo ambalo wale wengine hawakuligusa: lengo kuu ni kuzuia nisizidi kuharibikiwa. Vidole vikirejea ni heri, hakuahidi. Na shingo inaweza kuendelea kukaza.

Watu hunisumbua kwa swali la bingwa wa mifupa au wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wote wawili hupasua shingo. Mimi nauliza sehemu kubwa ya kazi yake ni shingo na mgongo au ni magoti, na nani atakayenihudumia nikipata shida usiku.

Kasoro zipo. Foleni yake ni ndefu, na mapokezi hawapokei simu. Picha zangu ziliwahi kupotea mikononi mwao, kwa hiyo bebeni nakala. Suala la sigara aliligusia akiwa amesimama mlangoni, ilhali uvutaji huchelewesha mifupa kuungana. Lakini la kusubiri alilisema wazi: miguu ikidhoofika ghafla au mkojo ukianza kugoma, nisingoje miadi, niende dharura siku hiyo hiyo.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ataipata siku watakapopokea simu.