Gari ya kazini kila siku na safari ndefu mara moja moja: usianze na inakula lita ngapi, anza na inapata moto au haipati

Nimechelewa kuandika hii kwa sababu nilikuwa na hasira sana, na mimi nikiandika na hasira nasahau vitu vya muhimu. Sasa gari nimeshaiuza, roho imetulia kidogo, niseme.

Nilinunua dizeli. Gari ndogo, safi, inanusa mafuta kweli kweli. Aliyeniuzia akaniambia dizeli inakwenda mbali kwa lita moja kuliko petroli, na hilo ni kweli, ndio maana nikamwamini na mengine yote. Kazini kwangu ni kilomita 6. Asubuhi 6, jioni 6, katikati gari imelala. Safari ndefu ni mara nne kwa mwaka, kilomita 1,000 hivi kwenda na kurudi. Hayo yote nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu kabla sijalipa hata senti, na hakunishtua.

Sasa mimi nina tabia ya kupima oili kila wiki, nilifundishwa hivyo tangu gari yangu ya kwanza. Nikawa naona oili haipungui. Baada ya muda nikaona inapanda, imevuka alama ya juu kwenye kijiti. Nikadhani fundi alizidisha wakati wa sevisi. Mwezi wa nane taa ikawaka kwenye dashibodi, gari ikawa nzito haitaki kuvuta, nikaipeleka. Fundi akachomoa kijiti, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Inanuka dizeli. Akasema dada, hii sio oili tena.

Ilikuwa hivi. Dizeli za siku hizi zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, mafundi wanaita DPF. Kinakusanya masizi, kikijaa lazima yachomwe, na kuyachoma kunahitaji joto la nyuzi 600 hivi. Ili joto lifike huko injini inamwaga dizeli ya ziada, na inataka utembee mwendo wa kutulia bila kuzima, dakika kama 15 au 20. Mimi baada ya kilomita 6 nimeshafika, nazima. Kesho inaanza tena kuchoma, nazima tena. Ile dizeli ya ziada isiyoungua inapita pembeni ya pistoni inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, na hiyo hiyo ndio inatakiwa ilinde turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) na biringi. Kwa hiyo mwendo wangu wa kazini ulikuwa unaua gari kila siku asubuhi na jioni na mimi nipo ndani nimefunga mkanda.

Tangu hapo nikikaa na mtu anayetaka gari ya matumizi haya namuuliza swali moja tu: kutoka kwako hadi kazini, injini inapata moto? Rangi, siti, redio, hata lita ngapi, tutaongea baadaye.

Na msidhani ni dizeli peke yake. Petroli nayo inaumia, taratibu tu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa maji karibu lita moja, kama mvuke. Injini na ekzosi zikiwa za moto mvuke unatoka nje wote. Zikiwa za baridi unageuka maji humo humo, ekzosi inaoza kutoka ndani huku nje inang'aa, na mengine yanaingia kwenye oili. Fungua kifuniko cha oili cha gari inayotembea kilomita 3 kila siku, chini yake mara nyingi utakuta utando wa rangi ya maziwa. Ni maji yaliyochanganyika na oili. Halafu kuna kitu kinadanganya wengi, mshale wa joto kwenye dashibodi unapima maji ya radieta, haupimi oili. Maji yanawahi kupata moto, oili inachelewa sana nyuma yake. Unaona mshale umefika katikati unasema injini tayari, kumbe oili bado. Ndio maana vitabu vingi vinavyokuja na gari vinaweka safari fupi fupi kwenye kundi la matumizi magumu, pamoja na vumbi na kuvuta mzigo, na vinataka oili ibadilishwe mapema. Nani anasoma kitabu cha gari? Na gari iliyotumika mara nyingi inakuja bila hicho kitabu.

Hapa ndipo wauzaji wananichosha. Utasikia "kilomita chache hii, mwenyewe alikuwa anaenda nayo kazini tu na kurudi", na bei inapanda kwa sababu hiyo. Jamani! Gari ya miaka kumi yenye kilomita elfu 40 za kilomita tatu tatu imewashwa baridi mara elfu na elfu. Mimi bora unipe yenye elfu 110 iliyokuwa inakula barabara kuu. Na hapo nachukulia mita haijarudishwa nyuma, manake hilo nalo tunalijua. Angalia pedali ya breki na usukani, mpira ukiwa umelika na mita inasoma elfu 45, ondoka.

Haya, mpangilio wangu. Nasema wazi mimi ni mtu wa Toyota, nimekaa na Vitz miaka mingi haijawahi kunilaza njiani, na kosa langu lilikuwa kuiuza ili ninunue hiyo dizeli. Ila sababu nitatoa.

Ya kwanza ni Toyota Aqua, au Yaris ya haibridi, ni mambo yale yale kwa kiasi kikubwa. Aqua ilitoka Desemba 2011, injini 1.5 ya petroli pamoja na mota ya umeme. Haina stata ya kawaida, haina altaneta, haina hata mkanda pembeni ya injini, pampu ya maji ni ya umeme na kompresa ya AC pia. Vitu vinavyokufa kwa kuwasha na kuzima kila siku havimo kabisa. Kwenye foleni inatembea na umeme, ukishika breki inarudisha chaji. Siwadanganyi kwamba haina tatizo la baridi, inalo: ukiiwasha asubuhi injini inaunguruma yenyewe kwanza ili ipashe moto katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, hizo kilomita mbili tatu za mwanzo inakula mafuta hasa, na kama safari yako nzima ni kilomita 2 hutaona faida yoyote. Ila injini yake ni nyepesi, haina turbo, haina kichujio cha masizi. Safari ndefu dada yangu ameniazima ya kwake mara mbili. Tangi ni lita 36, ukipata kilomita 20 kwa lita unakwenda 700 na kitu bila kusimama. Kwenye mwendo wa 110 ule ubora wa haibridi unapungua kwa sababu hushiki breki, kelele ya matairi inaingia, na mtu mrefu siti ya nyuma atalalamika. Kwa mara nne kwa mwaka navumilia.

Kitu cha kukagua kwenye Aqua ambacho karibu kila mtu anakiruka: betri kubwa iko chini ya siti ya nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Tundu la kuvutia hewa liko pale pale siti ya nyuma. Watu wanaliziba na mabegi, na kava za siti, nywele za mbwa, vumbi, makombo ya watoto, feni inaziba, betri inapika, halafu wanasema haibridi ni mbovu. Chungulia hilo tundu na tochi. Kama una simu na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, programu ya Dr. Prius inakuonyesha hali ya betri kipande kwa kipande.

Ya pili, Vitz au Yaris ya petroli 1.3, isiyo na turbo. Sindano zake zinamwaga petroli kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zinaoshwa kila wakati, na ndani kuna cheni, sio mkanda wa kubadilisha. Suzuki Swift 1.2 naiweka hapo hapo, ni nyepesi na inashika barabara vizuri. Mazda Demio ya kuanzia 2014 barabarani ni tamu kuliko zote hizi, nakiri, ila sindano za injini yake, Mazda wanaiita Skyactiv, zinamwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja, valvu za kuingiza hewa hazioshwi, na kwa safari fupi za baridi kaboni inapenda kukaa hapo. Honda Fit ya kawaida sawa. Fit ya haibridi ya 2013 yenye gia boksi ya klachi mbili, sitaki, Honda wenyewe waliziita zirudi kurekebishwa mara kadhaa ndani ya muda mfupi.

Ya tatu, ya umeme, Nissan Leaf. Kwa hoja yangu ya moto hii ilitakiwa ikae juu kabisa, haina injini ya kupasha, kilomita 6 asubuhi ni kama imeumbwa kwa hizo. Kinachoishusha ni ile safari ndefu. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haipozwi na maji, ukichaji haraka mara mbili tatu siku moja inapata joto na chaji inapungua kasi, unakaa kituoni. Zile za mwanzo zilianza na betri ya kilowati-saa 24, na sasa ni za zamani. Pembeni ya geji ya chaji kuna vijisehemu vidogo 12 vya afya ya betri, vihesabu mwenyewe, usihesabiwe na muuzaji. Kama unachaji nyumbani na safari ndefu unaweza kupanda basi au kuazima gari, chukua Leaf na usinisikilize mengine.

Nissan Note e-Power naiweka ya nne. Matairi yanazungushwa na mota, injini 1.2 inazalisha umeme tu. Mjini raha tupu, barabara kuu inakula zaidi ya unavyotegemea kwa sababu nguvu yote lazima igeuzwe umeme kwanza.

Vigari vya bei ya chini, kama Passo ya cc 1000 na Alto ya cc 660, vinafaa mjini. Watu wanne na mabegi mlimani utakanyaga mpaka chini, na mafuta uliyookoa wiki nzima yataishia hapo.

Vinjini vidogo vya turbo vya petroli sishauri kwa umbali huu, vingi vinamwaga petroli ndani ya silinda, ikikutana na injini ya baridi inateremka kwenye oili kama ilivyonitokea mimi. Dizeli ni ya mwisho kabisa. Kama kila siku unakwenda kilomita 40 barabara ya wazi basi dizeli ni gari nzuri, siikatai. Kwa 6, hapana.

Na niongelee hesabu maana watu wanauziwa kwa namba. Muuzaji atakwambia Aqua inakwenda 35 kwa lita. Hiyo 35.4 ilikuwa namba ya kipimo cha Japani cha wakati ule, JC08, gari iko kwenye maabara. Barabarani hutaiona. Sasa chukua karatasi. Mimi kwa mwaka ni kilomita 7,000 hivi. Gari ya kilomita 15 kwa lita itakula lita 467, ya 20 itakula 350. Tofauti ni lita 117 kwa mwaka mzima, basi. Kichujio kipya cha ile dizeli, peke yake bila ufundi, nilichotajiwa kilikuwa kinameza tofauti hiyo ya miaka mingi. Kwa hiyo mtu akikwambia uongeze hela nyingi ili upate gari inayokula kidogo, mwambie akae chini mpige hesabu wote wawili.

Siku ya kwenda kuona gari, mpigie muuzaji umwambie asiiwashe kabla hujafika. Wengi wanaipasha mapema makusudi ili ikiwaka isikohoe wala isitoe moshi. Ukifika weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili unuse, fungua kifuniko uangalie chini yake, ndio uwashe. Toyota nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ianzie hapo safari yako ya majaribio, uone taa inazima baada ya kilomita ngapi. Ikichelewa sana, uliza thamostati (kile kifaa kinachozuia maji yasiende radieta mpaka injini ipate moto) iko wapi, maana kuna mafundi wanaitoa eti gari isichemke, na gari isiyo na thamostati inakaa baridi siku zote, inakula mafuta, oili haipati moto hata barabara kuu. Mimi hilo linaniudhi kuliko mita iliyorudishwa, sababu mtu analipia kabisa kuharibiwa injini.

Ukishanunua, badilisha oili kwa miezi, sio kwa kilomita. Miezi sita ikifika badilisha hata kama umetembea 3,000. Na kila baada ya wiki mbili itoe barabara ya wazi nusu saa nzima bila kuzima.

Mimi mwenyewe bado natafuta Aqua. Ya kwanza niliyoiona tundu la feni lilikuwa limefungwa na kava ya siti, na muuzaji hakujua kama kuna feni. Nikaiacha. Jumamosi naenda kuona nyingine asubuhi na mapema, na nimeshamwambia asiiguse ufunguo mpaka nifike.