Sola, uniti 75 na sufuria ya maharage: uzoefu wangu hapa Kitangiri

Mtu akiniuliza leo aanzie wapi kupunguza gharama za nishati nyumbani, namwambia aanzie jikoni. Nasema hivyo nikiwa na paneli mbili za sola juu ya bati langu hapa Kitangiri, Mwanza, na nazipenda. Lakini nimekaa na daftari tangu Julai 2024, nimeandika kila tokeni ya umeme na kila mkaa ulioingia ndani, na daftari limenionyesha kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumbani tuko saba: mimi, mume wangu, watoto wanne na mdogo wangu anayesoma chuo.

Sola yetu ya kwanza ilikuwa ile ya kulipa kidogo kidogo, mwaka 2021. Kijana alikuja mlangoni na boksi: paneli ndogo, betri, taa nne, redio na televisheni ya inchi 24. Kianzio 40,000, halafu 1,000 kila siku kwa miaka miwili, unalipa kwa simu. Shilingi elfu moja haimshtui mtu. Nilipokaa kujumlisha, nikakuta tutalipa 770,000 kwa vitu ambavyo dukani, kwa fedha taslimu, nilivipata kwa karibu nusu ya hapo. Siku usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe, hata kama jua linawaka. Tulimaliza deni, na miezi michache baadaye betri ikaanza kuzima taa saa tatu usiku. Tulipopiga simu tukaambiwa muda wa dhamana umekwisha. Simlaumu kijana aliyetuuzia, kwa sababu naye alikuwa anatafuta riziki. Ila kwa mtu aliye na umeme wa gridi tayari, mpango ule ni mzigo. Aliye kisiwani ambako nguzo haijafika, huyo namwelewa.

Kilichoturudisha kwenye sola ni mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Umeme ulikatika saa ambazo watoto wanafanya mazoezi ya shule, na samaki waliharibika kwenye friji. Mashine ya kwanza ya bwawa la umeme la Nyerere ilipowashwa Februari 2024 hali ikaanza kupoa, lakini mimi nilikuwa nimeshaamua.

Kabla sijanunua chochote, mume wangu aliniambia, "Mama Neema, tujue kwanza umeme wetu unaishia wapi." Basi tukawa tunasoma mita asubuhi na jioni, tunazima kitu kimoja kimoja. Mwezi huo wa Julai tulitumia uniti 104 (uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja). Friji letu la zamani, tulilonunua mitumba, lilikula karibu nusu. Kilichonishangaza ni balbu ya nje, ile ya waya ya wati 60, inayowaka usiku kucha kwa ajili ya ulinzi. Wati 60 kwa saa 12 ni uniti 0.72 kwa siku, kwa mwezi ni kama uniti 22. Balbu moja! Nilinunua ya LED ya wati 7 kwa 3,500, na matumizi yake yakashuka hadi uniti mbili na nusu.

Hapa ni lazima niseme habari ya uniti 75, kwa sababu hesabu yote inakaa juu yake. Sisi tuko kwenye bei ya D1, ya wateja wa majumbani wenye matumizi madogo. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na ukiweka VAT, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika 122. Ukivuka 75, uniti inayofuata ni 350, yaani 427 ukijumlisha makato. Jirani yangu yuko T1, bei ya wateja wa kawaida, yeye anapata uniti 2.8 kwa kila elfu moja, wakati mimi ndani ya zile 75 napata zaidi ya nane. Hakuna ruzuku nyingine ya nishati inayoingia nyumbani kwangu kila mwezi kubwa kama hiyo, na tulikuwa tunaivuruga kwa balbu na friji bovu. Uniti zetu 104 zilitugharimu kama 21,500, na ndani yake 29 za mwisho peke yake zilikula zaidi ya 12,000. (Ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi sikuihesabu, kwa sababu hiyo unalipa hata ukilala gizani.)

Swali langu likawa: sola ibebe nini ili uniti za bei nafuu zibaki kwa kazi nzito?

Nikaenda mjini kutafuta paneli. Nilipita Makoroboi, mtaa uliopata jina kwa koroboi zilizokuwa zikitengenezwa pale kwa makopo, nikaingia maduka ya karibu. Duka la kwanza sitalitaja. Nilionyeshwa paneli imeandikwa wati 300, bei nzuri sana, nikalipa, nikapakia kwenye bajaji. Fundi alipoiona akacheka kidogo, halafu akaniomba utepe wa kupimia nguo.

"Mwalimu," akaniambia, "mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200. Hii pima."

Tukapima. Mita moja kwa sentimita 67. Hiyo ni paneli ya wati 130 au pungufu, iliyobandikwa karatasi ya 300. Nilirudi dukani siku ile ile, tukabishana mpaka jioni, nikarudishiwa fedha pungufu ya 20,000 ambayo waliiita gharama ya usumbufu. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu najua wazee wangapi wamepandisha paneli za namna hiyo juu ya nyasi na bati wakidhani jua lao ndilo dogo. Duka la pili niliingia na utepe mkononi. Paneli mbili za wati 200, kila moja sentimita 148 kwa 67, 150,000 kila moja, na risiti ya EFD. Paneli za sola hazitozwi VAT, kwa hiyo muuzaji akikuongezea asilimia 18 juu ya bei ya paneli, muulize kwa upole inatoka wapi.

Betri ndiyo iliyomeza fedha. Ya kawaida ya risasi, Ah 100 (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ni nafuu, lakini ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, na ina uzito wa karibu kilo 30. Nilichukua ya lithiamu ya Ah 100 kwa 620,000. Inverta ya wati 1,000, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, 220,000, chaji kontrola, inayosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, 110,000, waya, vyuma vya kufungia na breka 95,000, ufundi 100,000. Jumla 1,445,000. Friji la zamani tukaliuza, tukaongeza 280,000 tukapata dogo jipya lisilokula umeme. Sufuria ya presha ya umeme ya lita sita nikainunua kwa 165,000.

Fedha zilitoka SACCOS yetu ya walimu: 1,500,000 kwa miezi 18, riba asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Riba yote ilikuwa 142,500. Ilinganishe na ile ya kulipa elfu kila siku. Kama uko kazini na una SACCOS, anza kugonga mlango huo kabla ya mwingine wowote.

Fundi alitoka Sengerema, Agosti 2024, akavuka kwa kivuko cha Kigongo na vifaa vyake mgongoni. Aliporudi mwaka 2025 kukaza waya, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa na akafika asubuhi na mapema. Ni kijana mtaratibu. Kabla ya kutoboa bati alikaa uani nusu siku akitazama kivuli cha mwembe wa jirani kinapopita, akasogeza paneli mita mbili kutoka pale nilipotaka mimi. Alikuwa sahihi. Kivuli kikigusa kipande tu cha paneli, paneli nzima inalegea.

Sasa jua linabeba taa zote, televisheni, feni, chaji za simu, na friji. Usiku mgao ukija hatujui mpaka tusikie majirani. Kero ni mbili. Ya kwanza ni korongo. Tuko karibu na Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, na korongo wanatua kwenye paa kama wana hati ya nyumba. Mavi yao yakikauka juu ya paneli, chaji inashuka waziwazi, kwa hiyo kila Jumamosi mwanangu mkubwa anapanda na ndoo na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Ya pili ni mvua. Machi hadi Mei, na tena mwishoni mwa mwaka, kuna siku tatu mfululizo ziwa na mbingu vina rangi moja, na betri haijai. Siku hizo friji linarudi kwenye umeme wa TANESCO. Tuliweka swichi ya kubadilishia, na ninaishukuru.

Lakini kitu kilichobadilisha nyumba yangu ni ile sufuria.

Nilikuwa natumia mkaa wa 1,500 mpaka 2,000 kwa siku, kwa mwezi kama 50,000. Maharage pekee yalikuwa yanachukua saa mbili na nusu za moto. Siku ya kwanza niliyaloweka usiku, kilo moja, nikasoma mita, nikafunga mfuniko, nikabonyeza. Baada ya dakika arobaini na tano yalikuwa yameiva mpaka yanapasuka, na mita ilikuwa imesogea chini ya nusu uniti. Kwa bei yangu ya D1, hiyo ni pungufu ya shilingi 60. Nilikaa kwenye kigoda nikayaangalia yale maharage kwa muda. Nilifikiria miaka yote niliyopuliza moto nikiwa na mtoto mgongoni, na kikohozi cha Neema ambacho kila daktari alinitajia moshi.

Makande, utumbo, nyama ya ng'ombe wa kienyeji, wali, vyote vinaingia humo. Ugali hapana, unahitaji mkono na sufuria wazi, huo napika kwa gesi ya mtungi wa kilo 6, na mtungi unanitosha miezi miwili kwa 25,000. Sato wa kuchoma bado anataka mkaa, na wageni wakija nawasha jiko, sioni haya. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwa jiko langu naona inawezekana, ikiwa watu wataonyeshwa sufuria hii ikipika makande mbele ya macho yao.

Sufuria inakula kama uniti 36 kwa mwezi. Kwa kuwa friji, taa na televisheni vimehamia kwenye jua, mwezi wa kawaida tunamaliza kwenye uniti 60 hivi, zote za shilingi 122. Zamani umeme na mkaa vilitutoa 71,500 kwa mwezi, sasa umeme, gesi na mkaa wa wageni ni karibu 26,000. Tunabaki na kama 46,000. Kwa jumla ya gharama zote pamoja na riba, mzigo unajilipa kwa miaka mitatu na miezi minane.

Hapo ndipo wauzaji huishia. Mimi niliendelea kupiga hesabu: je, ningenunua balbu na sufuria tu, bila sola? Uniti zingepanda hadi 120, bili ikaongezeka kama 7,000, lakini mkaa ungeondoka vilevile. Nikitoa gesi na mkaa wa wageni, ningeokoa karibu 25,000 kwa mwezi, na 168,500 ya balbu na sufuria ingerudi ndani ya miezi saba. Sola na friji jipya peke yake vinaniongezea kama 21,000 kwa mwezi, kwa gharama ya zaidi ya 1,860,000 pamoja na riba. Hiyo ni miaka saba na nusu. Kwa sola nimenunua usiku wa amani na samaki wasioharibika, na sijuti, ila nisingekopa kwa ajili hiyo kabla ya kumaliza jikoni. Mwenye laki mbili mkononi, aanze na balbu na sufuria. Sola isubiri mwaka wa pili.

Na kabla ya sufuria, mwombe fundi aangalie soketi ya jikoni na waya unaokwenda huko. Yetu ilikuwa imelegea na kuanza kuyeyuka. Sufuria ya wati 1,000 haitaki kugawana soketi na pasi.

Mkopo uliisha Februari 2026. Makato yale yale nayaweka sasa kwa ajili ya sufuria ya mama mkwe, Misungwi. Umeme wa vijijini umemfikia mlangoni kwa 27,000, na mtungi wa gesi wa nusu bei wa REA alipata, lakini ulipoisha, pa kujazia pakawa mbali, akarudi kwenye kuni. Nimemwambia nitampelekea mwenyewe wakati wa likizo, nikae naye siku mbili tupike maharage pamoja.